Pilipili Kichaa Kwenye Kopo la Rangi

3 Machi
Mke wangu ameondoka asubuhi. Kampuni yao ya upimaji na ujenzi imempa barabara ya kusimamia, mara yake ya kwanza kuongoza kikosi, na hatarudi mpaka mvua zikatike na lami ikauke. Ameniachia vitu viwili: mche wa pilipili kichaa kwenye kopo jekundu la rangi, na mama yake mzazi. Kuhusu mche alinipa maelezo marefu. Kuhusu mama alisema neno moja tu: "Mvumilie."

Ameniomba niandike. "Wewe kwenye simu unajibu 'wazima', basi. Andika, nikirudi nisome nyumba ilivyokuwa."

Haya. Nyumba nzima. Mche una urefu wa kijiko cha chai.

5 Machi
Mche vilevile.

9 Machi
Nimerudi kazini nikamkuta mama mkwe kwenye kochi, anashona kifungo cha shati langu. Uzi ameutunga mwenyewe, sindano nyembamba, bila miwani. Nikasimama pembeni yake, nikasema shikamoo, nikanyoosha mkono. Aliitika marahaba huku anatazama mbele, na mkono wangu akauacha unaning'inia hewani kama taulo. Nikaurudisha mfukoni.

Sishangai. Alitaka bintiye aolewe na mhandisi mwenzake. Mimi nakata vioo vya miwani kwenye karakana iliyo nyuma ya duka. Siku ya posa aliniuliza, "Vya miwani tu? Na vya madirisha je?" Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, maana ndiyo ilikuwa adabu.

16 Machi
Mvua imeanza. Inanyesha usiku kucha, kisha mama mkwe anaamka na kumwagilia tena. Nusu ya maji inaingia kwenye kopo, nusu inaishia sakafuni kwenye roshani. Majani ya chini yamekuwa ya njano. Nimepasha msumari moto nikatoboa kopo matundu chini, maji yapate pa kutokea. Nimepiga deki.

17 Machi
Nimepiga deki tena.

24 Machi
Nimekuta mche umekatwa kichwa.

"Nani ameukata?"

"Mimi," mama mkwe akasema. Alikuwa anachambua mchele.

"Kwa nini, mama?"

"Ukiuacha utakimbilia juu kama mlingoti wa bendera. Ukiukata ncha unatoa matawi."

"Mwenyewe hakuniambia hivyo."

"Mwenyewe nimemzaa mimi."

Nikaingia kuoga.

4 Aprili
Pale alipokata pametoka matawi mawili, na chini yake mengine.  Leo kanipa kipande kikubwa cha nyama, kanitazama nikikila.

11 Aprili
Vidukari. Si mimi niliyewaona, ni yeye aliyewagusa. Alipitisha kidole chini ya jani akasema, "Linanata. Kuna kitu kinakula hapa." Nikageuza jani: wamejaa, wadogo, kijani, kama vumbi lenye miguu.

Tukaosha mche mzima kwa maji ya sabuni, jani moja moja. Mimi nageuza, yeye anapangusa na kitambaa. Kazi hiyo ilituweka roshani asubuhi nzima, na kwa kuwa mtu hawezi kunyamaza asubuhi nzima, tukaongea. Alinieleza kwamba mume wake, marehemu, alikuwa hali chakula bila pilipili, akitokwa jasho mpaka kola inalowa, na bado anasema haijawasha. "Mwongo mkubwa," akasema, akatabasamu akitazama ukuta wa jirani.

Nilimpa kitambaa kikavu. Hakukipokea. Nikakiweka kwenye goti lake.

20 Aprili
Jana jioni upepo ulikuwa unang'oa mabati. Nikaliingiza kopo ndani, nikaliweka kwenye ujia, mkono wa kushoto ukitokea chumba cha mama. Mchana kweupe leo, mimi nanyoa ndevu, nikasikia kishindo. Kopo limelala, udongo umefika mpaka jikoni, tawi kubwa limevunjika, na mama mkwe amekaa chini ameshika muundi wa mguu.

"Umeumia, mama?"

"Umeniwekea mtego! Ndani ya nyumba ya mwanangu, unaniwekea mtego!"

"Ni kopo la pilipili, mama."

"Najua ni kopo! Nimelipiga na mguu wangu, nitashindwaje kujua ni kopo?"

Nikamwinua. Akautoa mkono wangu. Nikarudishia udongo, nikalifunga tawi kwa kijiti na plasta. Kopo lile ni jekundu, mtu analiona kutoka upande wa pili wa barabara. Nimejiuliza mtu analipigaje teke kopo linaloonekana hivyo, na jibu nililopata si zuri kuliandika.

Mke wangu alipiga. Mama akasema, "Sisi wazima." Mimi nikasema, "Wazima."

21 Aprili
Hatusemeshani. Chakula kipo mezani kimefunikwa.

22 Aprili
Vilevile. Mche nao umenywea.

2 Mei
Tulirudi kusemeshana kwa sababu ya chumvi, iliisha ikabidi mmoja amwambie mwenzake.

Leo nimempeleka dukani kwetu apimwe macho. Nilimwambia ni bure kwa jamaa wa wafanyakazi, naye kitu cha bure hakatai. Nia yangu niiseme: nilitaka ithibitishwe kwamba anaona.

Mpimaji wetu ni dada mpole, anayeongea na wateja kana kwamba amewalea yeye. Akamkalisha mbele ya ubao wa herufi, akamwambia azibe jicho la kushoto kwa kiganja. Mama akazisoma zote, mpaka mstari wa chini ambao mimi mwenyewe naubahatisha.

"Haya, mama, sasa tuzibe la kulia."

"Si nimeshasoma?"

"Tunasoma tena na hilo jingine."

"Tena? Hapa ni shule? Nimesoma yote, sijakosea, sasa naambiwa nirudie darasa." Akasimama, akatengeneza mtandio wake. Foleni nzima ikacheka. Mpimaji naye alicheka mpaka akajifuta machozi. "Macho ya mama yako ni ya msichana," akaniambia.

Kwa hiyo anaona. Wakati wa kutoka alimgonga bega mwanamke aliyekuwa anaingia, wala hakuomba radhi.

17 Mei
Maua ya kwanza. Meupe, yameinamisha vichwa kama watoto waliokemewa.

19 Mei
Matatu yamedondoka. Mama mkwe anasema jua la mchana likiwaka nilitikise shina taratibu, vumbi la ua liingie. Nimeomba ruhusa ya mapumziko ya mchana ili nikatikise pilipili. Bosi ameniangalia kwa muda, kisha akasema, "Nenda."

30 Mei
Yameshika. Vipilipili vya kijani, vinatazama juu, vidogo kuliko ukucha.

6 Juni
Wiki nzima yamekuwa haya: glasi imedondoka kutoka ukingoni mwa meza, mkono wake wa kushoto. Mlango wa bafu umempiga bega. Mchuzi wangu kaumwaga mezani, pembeni ya sahani, na alipoona nimenyamaza akasema, "Si useme!" Niseme nini? Juzi nilisimama jikoni kando yake muda mrefu nikisubiri apishe nifungue friji, akaendelea kukata vitunguu kana kwamba mimi ni ukuta. Nikaondoka bila maziwa.

Sina ugomvi naye. Nimechoka tu. Mtu anachoka kuishi na mtu asiyetaka kumwona.

14 Juni
Pilipili zimeanza kubadilika, kijani inakuwa kahawia, kahawia inakuwa nyekundu. Jumapili ijayo, mke wangu akipiga, nitamwambia kwamba mama arudi kwake, asingoje kazi iishe. Nimeshapanga maneno. Si mengi.

20 Juni, Jumamosi
Naandika haya mama amelala.

Asubuhi pilipili za kwanza zilikuwa zimeiva kabisa. Mama alizichuma mwenyewe, akakaa kwenye kigoda jikoni, akaanza kuzikata nyembamba kwa kisu kidogo. Mimi nilikuwa mlangoni nafunga kamba za viatu, niende sokoni. Nikasikia, "Uuuwi!" Nilipogeuka alikuwa amejifuta jasho, na kidole chenye pilipili kimeingia jicho la kulia.

"Usisugue, mama! Usisugue!"

Nikamshika kichwa nikakipeleka chini ya bomba. Jicho lilikuwa limefumba lenyewe, jekundu, linatiririka. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alinishika mkono, akaukamata kwa nguvu zote. Maji yakaenda mengi. Nikamkalisha kwenye kiti, nikamwekea kitambaa chenye maji juu ya jicho.

Akageuza uso huku na huku.

"Mbona umefunga dirisha?"

Dirisha lilikuwa wazi. Jua lilikuwa limempiga usoni.

"Fungua dirisha, baba. Kuna giza."

Nilimtazama. Jicho la kulia lilikuwa chini ya kitambaa. La kushoto lilikuwa wazi, zima, jeusi, linanitazama moja kwa moja, nami nipo mbele yake umbali wa mkono. Nikainua vidole.

"Mama, hapa vidole vingapi?"

"Vidole gani?"

Nikavisogeza mpaka karibu na pua yake. Hakupepesa.

"Mama, hili la kushoto halioni."

 Bomba nilikuwa sijalifunga vizuri, linadondosha maji.

"Linaona kivuli," akasema. Kisha baadaye kidogo: "Zamani lilikuwa linaona kivuli."

Sikwenda sokoni. Nilikaa naye mpaka lile la kulia lilipofunguka, na kila muda nilikuwa nambadilishia kitambaa. Nikawa nakumbuka mambo moja moja. Mkono nilionyoosha. Kitambaa roshani. Kopo kwenye ujia. Jikoni, mimi na friji. Kila mara nilikuwa nimesimama kushoto kwake. Nimeishi na mwanamke huyu tangu mwezi wa tatu nikidhani ananinunia, kumbe sikuwepo.

22 Juni
Jana simu ya mke wangu haikuja. Leo hospitali, kliniki ya macho. Daktari ni mwanamke kijana mwenye sauti ya taratibu. Alimpima mama presha ya macho, akamwangalia ndani kwa taa, kisha akamkalisha kwenye mashine yenye vinukta vya mwanga: ukiona nukta unabonyeza kitufe. Nilikuwa nasikia kitufe kutoka nje. Kikabonyezwa, kikabonyezwa, kisha kimya kirefu mpaka nikadhani amesinzia.

"La kushoto, mama, limekwenda," daktari akasema. "Sikudanganyi, halitarudi. La kulia limeliwa pembeni, limebaki katikati. Ni kama unatazama kwa kupitia bomba."

"Lakini natunga uzi," mama akasema.

"Ndiyo. Ugonjwa huu ndivyo ulivyo, unaanza kula pembezoni. Unaweza kutunga uzi na usione gari linalokuja ubavuni. Hauumi, ndiyo maana watu wanachelewa. Wewe umeletwa na nini?"

"Pilipili."

Daktari akaniangalia. Nikathibitisha.

Ameandikiwa dawa ya matone, asubuhi na jioni, maisha yake yote. Asipokosa, hiki kilichobaki kinaweza kubaki. Akikosa, kitakwenda nacho.

Tulipokuwa tunasimama daktari akauliza, "Una watoto?"

"Mmoja. Wa kike."

"Apimwe na yeye. Haraka. Huu unatembea kwenye damu."

Mama aliketi tena.

23 Juni
Nilidhani tutampigia mke wangu jana hiyohiyo. Mama amekataa.

"Ukimwambia anaacha kazi anarudi. Namjua. Akirudi, hawampi tena kikosi, watasema wanawake ndivyo walivyo. Subiri amalize."

"Daktari kasema haraka."

"Daktari hamjui mwanangu."

Nikamwuliza kwa nini alificha. Alivunja vishikio vya pilipili, kimoja kimoja. Kisha akaniambia habari za mama yake. Alipoanza kutoona walimwekea kigoda karibu na mlango. Asubuhi anakalishwa pale, jioni anaondolewa. Chakula anapewa mkononi. Watu wanazungumza habari zake mbele yake, amezeeka, anasumbua, atalala kwa nani, kama vile masikio nayo yamekwenda. "Nilikuwa msichana. Nilikuwa mmoja wa hao waliokuwa wanamzungumzia," akasema. "Nikaapa mimi sitakalishwa."

 Nilitia dawa. Tone la kwanza lilimwangukia shavuni.

25 Juni
Mche una pilipili nyekundu kila tawi, mpaka lile lililofungwa plasta. Tunazitazama tu, hakuna aliyezila.

28 Juni, Jumapili
Simu imeita baada ya chakula cha mchana. Mama alinitazama, akatikisa kichwa: usiseme. Nilitoka nayo roshani.

"Hamjambo huko?"

Hapa ndipo huwa nasema wazima.

Nilimwambia. Nilianza na pilipili, nikarudi nyuma kwenye kopo, nikaenda hospitali, nikachanganya, nikaanza upya. Yeye akanikatiza: "Subiri. Mbona leo unaongea hivi? Mama amekufa?"

"Hajafa. Nisikilize."

Akasikiliza. Nilipofika kwenye jicho la kushoto nilisikia pumzi yake. Nilipofika kwenye damu alisema polepole, "Mimi?"

"Upimwe tu."

"Nakuja kesho."

Nikageuka, mama mkwe yuko mlangoni. Sijui alisimama pale tangu lini. Akanyoosha mkono, nikampa simu.

"Ukija kesho utakuta nimefunga mlango kwa ndani," akamwambia. "Hapana. Hapana, nisikilize wewe. Mimi nina mtu hapa, asubuhi ananitilia, jioni ananitilia, hachelewi. Wewe kapime macho huko huko. Kesho, si keshokutwa. Ukishapima, maliza barabara yako. Unalia nini? Anayelia ni mimi, na mimi nimewashwa na pilipili."

Alipokata simu nilisubiri anigombeze. Akaniambia, "Umesema," akaingia ndani. Jioni alikaa mwenyewe, akainua uso, akasubiri matone. Hakunikasirikia. Au alinikasirikia na akaamua kukaa na hasira yake.

29 Juni
Hakuna habari. Nimeharibu lenzi za wateja kazini. Bosi amenitoa kwenye mashine, kaniweka kufuta fremu.

1 Julai
Hakuna.

3 Julai
Mke wangu amepiga nikiwa kazini. Presha ipo juu, macho yote mawili. Lakini ile mashine ya nukta ameziona zote, hakuna kilicholiwa. Anaanza matone leo. Daktari wa huko kamwambia, "Umewahi."

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za nyuma, pale tunapomwaga maji ya mashine. Mpimaji alikuja akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia mke wangu amewahi. Hakuelewa, lakini alikaa.

4 Julai
Tumekula pilipili. Mbili, zimekatwa nyembamba, juu ya wali. Nimekunywa jagi zima la maji. Mama mkwe alitokwa jasho, akasema haijawasha.

12 Julai
Nimelihamishia kochi upande mwingine, ili anayeingia atokee kulia kwake. Kwenye kingo za vidato vya ngazi nimebandika utepe mweupe. Mama amekagua kazi yangu, akasema, "Umeifanya nyumba uwanja wa ndege." Kila nikiingia sasa nasema, "Mimi huyu." Naye anasema, "Na nani mwingine?"

Pilipili anachuma kwa glovu za kuoshea vyombo.

19 Julai
Anajitilia mwenyewe. Jaribio la kwanza sikioni. La pili kwenye nyusi. La tatu alifumba jicho, na mimi nikajua limeingia.

26 Julai
Mvua zimekatika. Mche umechoka, majani yanapukutika, ila bado unazaa. Jirani wa ghorofa ya juu amekuja kuomba pilipili na mama kamjaza kiganja, akamwonya kuhusu macho kwa maelezo marefu mpaka yule dada akataka kuzirudisha.

9 Agosti
Mke wangu amerudi jana. Mweusi kwa jua, mwembamba, barabara imekwisha na wamempa nyingine iliyo karibu. Amesoma daftari hili mpaka mwezi wa nne, akalifunga, akaniambia, "Mengine nitasoma ukiwa hupo."

Jioni walikaa kochini, mama na binti, vichwa vimeegemea nyuma, nyuso zimetazama dari. Nikamtilia mama kwanza, kisha mke wangu. Baada ya matone hutakiwi kufungua macho mara moja, kwa hiyo walikaa wamefumba, nami nimesimama mbele yao na vichupa viwili.

"Langu lilikuwa dogo," mama mkwe akasema.

"Matone yote ni sawa, mama."

"La mkeo lilikuwa kubwa. Nimelisikia." Kisha, bado amefumba: "Mimi wiki ijayo narudi kwangu. Mwenyewe amerudi, hamnihitaji."

"Nani atakutilia?" mke wangu akauliza.

"Nitajitilia. Nimejifunza."

"Na vidato? Na barabara?"

"Nitaenda polepole."

  Nilikuwa na vichupa mkononi na hakuna aliyeniuliza kitu.

"Kaa, mama," nikasema.

Mke wangu akafungua macho yote mawili kunitazama. Mama mkwe hakufungua lake. Akampiga bintiye kofi dogo la paja.

"Fumba macho, wewe! Dawa inamwagika."

Kuhusu kukaa hakusema ndiyo wala hapana. Asubuhi hii nimepita mlangoni kwake, nikasema mimi huyu. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, anatoa nguo zake kwenye sanduku, anazipanga kabatini.